Chuma Ambacho Hakikuuzwa

Pemba hatuna reli hata hatua moja, wala hatujawahi kuwa nayo. Tuna mikarafuu, tuna bandari ya Wete na ya Mkoani, tuna vilima na mabonde yaliyofuatana mpaka mhandisi wa reli akiyaona atashika kichwa. Kwa hiyo watu wakisikia kwamba fundi wa mashine za boti wa hapa Wete hutoa fedha zake, akavuka bahari hadi Tanga, kisha akapanda basi, ili akasimame juani kando ya njia na kutazama kichwa cha treni kikipita, swali lao ni moja: kwani una mzigo humo? Sina mzigo. Naenda kutazama tu.

Mjomba wangu ndiye wa kulaumiwa. Nilipomaliza shule nilipelekwa kwake Tanga kujifunza ufundi, kama walivyopelekwa vijana wengi wa Kipemba kabla yangu, maana kwetu Tanga ni jirani na ndugu huko hawakosi. Alikaa Ngamiani. Anayeijua Tanga anajua kwamba reli ndiyo inayoitenga Ngamiani na upande wa bandari, huwezi kwenda huko bila kuivuka. Jioni kichwa cha dizeli kilikuwa kikipanga mabehewa, na wazee waliostaafu reli walikaa barazani wakikidharau. "Hii si treni, baba," mmoja wao alizoea kuniambia. "Treni ni ile iliyokuwa ikipumua."

Alikuwa akisema juu ya garimoshi la mvuke, ambalo yeye alilitumikia kama fayamani, mtu wa moto. Mimi sikulikuta. Ila tangu siku hizo nimekuwa nikifuatilia kila habari ya mashine zinazopumua zilizofufuliwa popote duniani, na nimegundua kwamba nina wenzangu wengi. Wako Waingereza, Wajerumani na Wajapani wanaojua kwa moyo namba ya kila injini iliyotoka kiwanda fulani. Hubeba kamera na chupa za chai, wakangoja asubuhi nzima kwa ajili ya dakika mbili za moshi. Na hakuna kinachowatoa majumbani kama habari hii: reli iliyofungwa, hasa reli ya mgodi ambayo majani yalishaifunika, imerudishiwa mashine zake za zamani.

Kwa nini ya mgodi? Kwa sababu reli ya mgodi hujengwa kwa mzigo mmoja. Madini yakiisha, au bei yake ikianguka, hufungwa kwa siku moja. Hakuna abiria wa kulalamika wala mbunge wa kuitetea. Tena mara nyingi iko mabondeni, mbali na mji, na kuvitoa vyuma vyake huko kunaweza kula faida yote ya mwenye kununua skrepa. Ndipo hutokea, mara moja moja, mashine zikafungiwa bandani na kusahaulika. Kusahaulika huko ndiko kunakoziokoa.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha Marekani, jimbo la Pennsylvania, reli inayoitwa East Broad Top. Ilijengwa miaka ya 1870 kubeba makaa ya mawe kutoka milimani. Njia yake ni nyembamba, futi tatu tu kati ya reli na reli. Mwaka 1956 migodi ilifungwa na reli yote ikauzwa kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, Nick Kovalchick. Kazi ya mtu huyu ilikuwa kukata vyuma na kuviuza. Akazikuta bandani injini sita za mvuke, karakana yenye mashine zake zote, mabehewa na reli. Hakukata. Mwaka 1960 akafungua kipande cha njia kwa watalii, na familia yake ikaendelea hivyo kwa miaka hamsini hivi, hadi mwishoni mwa 2011 treni ziliposimama tena. Mwaka 2020 taasisi isiyo ya biashara iliinunua reli, na Februari 2023 injini namba 16, iliyotengenezwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1916, ikatoka bandani kwa nguvu ya mvuke wake yenyewe. Haikuwa imefanya hivyo tangu 1956. Watu walikuja na makoti mazito, kwenye baridi ya Februari, kuiona ikisogea.

Hebu fikiri: muuza skrepa ndiye aliyeitunza.

Waingereza walitangulia. Kule Wales kulikuwa na reli ndogo ya Talyllyn, iliyoanza mwaka 1865 kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Machimbo yalifungwa baada ya kubomoka mwaka 1946, na mwenye reli alipofariki mwaka 1950, kikundi cha watu wa kujitolea wakiongozwa na mwandishi L. T. C. Rolt kiliomba kuiendesha. Mei 1951 wakatoa treni yao ya kwanza. Inasemwa ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Mmoja wa waliokwenda kufanya kazi pale alikuwa kasisi W. Awdry, yule aliyetunga vitabu vya Thomas, kile kichwa cha treni cha buluu chenye uso wa mtu. Wajukuu zangu wanamtazama Thomas kwenye simu huku Wete na hawajapata kuona reli. Mimi hucheka peke yangu.

Sasa niwaeleze wasomaji ambao hawajashika spana kwa nini jambo hili ni gumu, maana wengi hudhani injini ya zamani ni kuijaza maji na kuiwasha moto tu.

Mvuke mimi sikuujulia kwenye treni. Niliujulia Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda cha makonyo, ambako mvuke hupitishwa kwenye makonyo ya karafuu ukabeba mafuta yake. Atakayesimama pale ataelewa mambo mawili. Kwanza, maji yakichemka na kuwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia sita ya ile yaliyokuwa nayo. Pili, ukiyanyima nafasi hiyo yatasukuma, na yakisukuma hayachagui. Kwenye boila ya treni, msukumo huo ndio unaoingia kwenye silinda, ukasukuma pistoni, pistoni ikavuta mikono ya chuma iliyofungwa kwenye magurudumu. Sauti ile ya kupumua ni mvuke uliokwisha kazi ukitupwa nje kupitia bomba la moshi, na hapo hapo huvuta hewa kupitia motoni, ili kadiri injini inavyofanya kazi ndivyo moto unavyozidi kuwaka. Aliyebuni hilo alikuwa na akili. Hakuna kompyuta humo, wala waya wa umeme.

Lakini ndani ya boila mna mamia ya mabomba ambayo moto hupita na maji yakayazunguka. Yakikaa na maji machafu hushika magamba ya chokaa, yakikaa makavu bila kufunguliwa hushika kutu. Anayetaka kuifufua injini iliyolala miaka ishirini lazima ayatoe yote na kuweka mapya, apime unene wa bati la boila sehemu moja moja, kisha aijaze maji baridi na kuyasukuma kwa pampu hadi kupita kiwango cha kazi, atazame kama pana mahali panapotoka jasho. Hutumiwa maji baridi kwa sababu yakipasua, yatamwagika tu. Mvuke ukipasua, unazika watu. Baada ya hapo ndipo moto, nao huanza mdogo, ukiongezwa taratibu mpaka kesho yake, kwa sababu chuma kinene kikipashwa haraka upande mmoja hupinda. Fundi wa dizeli huwasha asubuhi akaondoka. Fundi wa mvuke huanza jana.

Ndiyo maana nasema, injini hufufuka pale tu ambapo kuna mtu aliyekuwa na subira ya kutoiuza. Fedha huja baadaye, na mafundi hujifunza. Ila kilichoyeyushwa hakirudi. Wazee husema akiba haiozi. Chuma huota kutu, sikatai, lakini kutu husuguliwa.

Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika hadithi hii, na huanzia mgodini, mbali sana na hapa. Mwaka 1909 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza injini mbili za ajabu kwa ajili ya njia nyembamba ya migodini kisiwani Tasmania, Australia. Mbunifu wake aliitwa Herbert William Garratt. Tatizo lilikuwa kona: injini kubwa ni ndefu, na chuma kirefu hakipindi. Garratt akaitenga boila na magurudumu. Akaitundika katikati, ikabebwa na mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na magurudumu na silinda zake, mithili ya machela iliyobebwa na watu wawili, ambapo wa mbele akikata kona wa nyuma hufuata bila mgonjwa kuvunjika. Reli ile ya Tasmania ilifungwa, na injini ya kwanza, K1, ilirudishwa kwa walioitengeneza mwaka 1947. Baadaye ilifufuliwa, na imevuta abiria kwenye njia nyembamba ya milimani kule Wales.

Kutoka kwenye kichwa kile cha migodini wakazaliwa majitu yetu. Kati ya 1955 na 1956 kiwanda hicho hicho kiliiletea Reli ya Afrika Mashariki injini 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, kwa ajili ya kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kila moja ilikuwa na tani 252. Ilitembea juu ya reli zilizoachana mita moja tu, na boila yake ilikuwa pana zaidi ya mara mbili ya njia yenyewe. Hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzizidi kwenye njia ya mita moja popote duniani. Zilichoma mafuta mazito, zikavuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari kupanda bara. Safari ilikuwa ndefu mpaka treni ilibeba kundi la pili la wafanyakazi, waliolala kwenye behewa lao wakingoja zamu. Ziliendelea hadi mwaka 1980, dizeli zilipozimaliza.

Kati ya 34, zimebaki mbili. Zote ziko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, mwendo mfupi kutoka stesheni ya zamani.

Nilipofika pale, wageni walikuwa wamelizunguka behewa ambamo simba alimvuta ofisa wa polisi Charles Ryall, kule Kima mwaka 1900. Mimi nikawapita. Nilimtaka mmoja tu, namba 5918. Rangi yake ni ya damu ya mzee, magurudumu ni 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yanayovuta. Nilianzia tangi la mbele nikaenda hadi la nyuma kwa miguu, ni zaidi ya mita thelathini. Nilichuchumaa kutazama pale boila ilipokalia mtambo wa mbele, kwenye mhimili wa kuzungukia, kwa sababu hapo ndipo akili ya Garratt ilipo, na pia ndipo mvuke unapovuka kutoka kwenye chuma kisichosogea kwenda kwenye chuma kinachosogea. Bomba lazima liwe na kiungo kinachozunguka bila kuvuja. Nimetengeneza viungo vya boti maisha yangu yote. Kile kilinifanya nivue kofia.

Kijana wa pale aliniuliza kama mimi ni wa reli.

"Mimi ni wa baharini," nikamwambia. "Kutoka Pemba."

"Karibu, mzee. Wazungu ndio huchuchumaa hapo. Waafrika hupiga picha na kwenda."

Sikuipenda kauli ile, lakini nilimshukuru kwa kuniacha nipande kwenye kibanda cha dereva. Mikono ya vali imelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kustaafu. Zamani madereva wengi walikuwa Makalasinga, kila mmoja na injini yake aliyokabidhiwa, na walishindana kusugua shaba hadi ikang'aa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 injini hii 5918 ilipashwa moto tena na kuvuta treni za wapenzi wa reli kwenye njia kuu, na watu walipanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona. Iliwezekana kwa sababu moja ya kawaida kabisa: makumbusho yale yalikuwa yameunganishwa kwa reli na njia kuu. Hawakuiweka juu ya zege kama sanamu. Waliiacha imesimama juu ya njia ya kuondokea.

Jambo jingine lilinigusa zaidi. Injini za daraja lile zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. 5918 inaitwa Mount Gelai, na mwenzake 5930 anaitwa Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron. Shengena ndio mlima mrefu kuliko yote ya Upare, wilaya ya Same. Pale pale uani kuna injini nyingine iliyofufuliwa, 3020, ya daraja lililopewa majina ya makabila, nayo inaitwa Nyaturu, watu wa Singida. Yaani Mkenya katutunzia Gelai, katutunzia Shengena, katutunzia na Wanyaturu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi iliondoka na vyuma vilivyokuwa kwake, na kila nchi ikaamua la kufanya navyo. Sina kinyongo. Nilisema asante kimoyomoyo, nikatoka.

Reli za migodi kwetu zina bahati tofauti. Uganda walijenga njia kutoka Kampala hadi Kasese, ikafika mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi ulikufa, na treni nazo zikasimama miaka ya 1990. Njia ikabaki kwa majani na wezi wa chuma. Hapa kwetu, tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa risasi, na mgodi wenyewe ukafungwa mwaka 1960. Lakini nenda Mpanda leo utaikuta treni. Wananchi waliipanda. Wakapakia mahindi, mpunga na kuku, wakaigeuza yao, na mgodi ukasahaulika. Mtwara hawakuwa na bahati hiyo: reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichong'olewa hakina mpenzi wa kukirudisha, awe Mzungu au Mpemba.

Narudi Tanga, maana huko ndiko nilikoona kwa macho yangu njia iliyofungwa ikifunguliwa. Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Katani, kahawa, saruji na mbolea vilipita humo. Abiria wakakatiwa huduma miaka ya 1990, na mizigo nayo ikakoma katika muongo uliofuata. Watu walianika mahindi juu ya mataruma. Penye mji, vibanda vya biashara vilijengwa hadi karibu na chuma. Kisha Shirika la Reli likaamua kuifufua, likitumia mafundi wake, na Julai 2019 treni ya mizigo ikafika Moshi. Desemba mwaka huo huo ikaja ya abiria kutoka Dar es Salaam, na Oktoba 2020 ikafika Arusha.

Sikutaka siku ya sherehe. Sherehe ina viti vya wakubwa, hotuba na vumbi. Mimi hungoja mambo yatulie, niione treni katika siku yake ya kawaida. Nikachagua Makanya, kituo kidogo kabla ya Same ukitoka Tanga. Makanya kuna machimbo ya jasi, ile inayotiwa kwenye saruji, kwa hiyo vumbi la mji wenyewe ni jeupe kidogo. Nyuma yake milima ya Upare imesimama ghafla, na huko juu, penye wingu, ndiko kwenye Shengena. Nilitaka kumwona mwenye jina baada ya kumwona aliyepewa jina.

Chini ya mti alikaa mzee aliyestaafu kazi ya kutengeneza njia, wale watu wa gengi waliokuwa wakitembea na nyundo wakigonga bolti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si wa hapa."

"Natoka Pemba."

"Pemba kuna treni?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana," akasema, akanisogezea nafasi ya kukaa.

Aliniambia kwamba miaka njia ilipolala, walikuja watu usiku na spana ndefu. Walianza na bolti, wakaendelea na mataruma ya chuma, maana ni mazito na yana bei. Yeye na wenzake, ambao hawakuwa tena na mshahara wa kazi hiyo, waliwafukuza kila waliposikia chuma kikilia. Hawakutumwa na mtu. "Nilipigilia bolti hizo mimi," alisema. "Nitalala vipi mtu akizifungua?" Nilimuuliza kama alijua kwamba ipo siku treni itarudi. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. Akasema hakujua, ila reli ikishaondoka ndiyo utajua kwa hakika kwamba hairudi.

Ikaja mchana. Kabla hatujaiona, mzee alisimama akaenda kuweka kiganja juu ya reli, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watoto wa shule walikuja mbio na kujipanga kuhesabu mabehewa kwa sauti. Bodaboda mbili zikasimama, na abiria wake hawakulalamika. Kilikuwa kichwa cha dizeli, kichafu cha mafuta ubavuni, na nyuma yake mabehewa ya mizigo yaliyofunikwa. Hakikuwa na moshi wa kupigia picha wala shaba ya kung'aa. Kilipiga honi ndefu kwenye kivuko, mbuzi wakatawanyika, ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu, na watoto wakapoteza hesabu wakaanza kubishana. Mpenzi wa treni wa Ulaya pengine asingefungua hata kamera yake. Mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahi Nairobi.

"Inakwenda polepole," nikamwambia mzee.

"Acha iende polepole. Ikitaka ilale Same. Mradi inapita."

Turudi sasa visiwani, kwenye sehemu inayoniuma. Wazanzibari tulikuwa na treni kabla ya Mombasa na kabla ya Tanga. Mwaka 1879 Sultani Barghash alijenga reli kutoka mjini Unguja hadi kwenye jumba lake la Chukwani. Mabehewa yalianza kwa kuvutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza Uingereza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall. Ni miaka 15 kabla ya reli ya Uganda kuanza kujengwa Mombasa. Sultani alipofariki mwaka 1888, injini na njia vikauzwa kama chuma.

Mwaka 1905 ikaja ya pili, ya kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, kama maili saba, kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu. Ilipita katikati ya mitaa myembamba, na wenye nyumba walilalamika kwamba cheche zake zitawaunguzia mapaa. Serikali ikaichukua baadaye. Magari yalipozidi, miaka ya 1920, abiria waliondolewa na treni ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari. Yaani treni yetu ya mwisho ilikufa ikiwa treni ya machimbo. Kisha ikafutwa, na chuma chake kikaenda kilikokwenda chuma cha Barghash. Leo ukitaka kuiona, utaiona kwenye kadi za posta za zamani.

Wala jambo hili halijaisha, kwa sababu chuma bado kinauzwa. Kila mwezi pale bandarini Wete naona vikipimwa kwa kilo: mashine za zamani za kukoboa, injini za boti za silinda moja ambazo vipuri vyake havipatikani tena, nanga, pampu za mkono. Anayenunua hana kosa, ndiyo kazi yake. Kovalchick naye alikuwa na kazi hiyo hiyo.

Basi mwenye mashine ya babu yake shambani, iliyokufa na inayomziba njia, asiipime kesho. Aifunike bati, aipake grisi, aandike kwenye kibao nani aliinunua, wapi na mwaka gani, maana bila maandishi hayo hata fundi mzuri ataona chuma tu. Mwenye picha ya treni ya Bububu, au barua, au tiketi iliyobaki kwenye sanduku la bibi, aipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, wainakili na kumrudishia yake. Na kijana wa Pemba atakayekwenda Nairobi kwa shughuli zake atafute muda wa saa moja, aende makumbusho ya reli, amtafute Mount Shengena, kisha achuchumae mahali penye kile kiungo cha mvuke. Asikubali kuambiwa kwamba ni Wazungu tu wanaochuchumaa pale.